Viwanja vya Kazi Katika Nairobi, Tangu Reli Hata Leo

Halmashauri ya Chama chetu imeniagiza, kama ilivyo desturi ya kijitabu hiki cha kila mwaka, niandike habari ya historia itakayowafaa wanachama, na hasa wazee ambao hupenda kukisoma kabla ya Mkutano Mkuu. Mwaka huu nimechagua jambo ambalo kila mmoja wetu hulikanyaga kwa miguu yake kila siku, lakini ni wachache walifikirio: ardhi ambayo watu huifanyia kazi katika Jiji la Nairobi, jinsi ilivyotengwa, jinsi nyingine ilivyopotea, na jinsi ilivyokosa mtu wa kuihesabu.

Nisemapo ardhi ya kazi sisemi shamba. Nasema vile viwanja ambavyo watunga mipango ya mji huvitia rangi yake katika ramani, ili pawe mahali pa viwanda, mabohari, karakana, maduka na ofisi. Mtu aliyetoka nyumbani kwao akaja mjini hakuja kutafuta nyumba. Alikuja kutafuta kazi, na nyumba ikafuata. Lakini tazameni maneno yetu barazani: tunauliza habari za nyumba, za maji, za karo, za hospitali, na yote hayo ni haki kuuliza. Ni mara chache mno mzee husimama akasema, "Je, viwanja vya kazi vimebaki vingapi, navyo viko mikononi mwa nani?"

Reli ya Uganda ilifika mahali hapa tarehe 30 Mei 1899. Wamasai walipaita Enkare Nyirobi, maana yake maji ya baridi, napo palikuwa tambarare yenye tope, kabla njia haijaanza kupanda kwenda Kikuyu na kushuka katika Bonde la Ufa. Wahandisi walitaka mahali pa wazi pa kupanga mabehewa, kuweka vyuma na mbao, na kutengeneza injini. Mwaka huo huo makao makuu ya Reli yakahamishwa kutoka Mombasa, na Bwana John Ainsworth akaihamisha ofisi ya utawala wa jimbo kutoka Machakos ikaja hapa. Yafaa tulikumbuke jambo hili, maana si miji yote iliyozaliwa hivyo. Nairobi haikuanza kwa gulio, wala kwa bandari, wala kwa jumba la mfalme. Ilianza kwa karakana.

Katika ramani hiyo ya kwanza palikuwa na stesheni, uwanja wa mabehewa, nyumba za maofisa wa Kizungu mbali kidogo na kelele, na mtaa wa biashara wa Wahindi. Mwafrika hakuwa na mahali pake. Alihesabiwa kuwa mkono wa kazi, lakini hakuhesabiwa kuwa mwenye kazi. Sheria ya kipande iliyotungwa mwaka 1915, ikaanza kushikwa kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimtaka achukue shingoni ushahidi wa bwana aliyemwajiri. Mtu wa namna hiyo, kwa mawazo ya wakuu wa wakati ule, angehitajije kiwanja cha karakana? Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Pumwani ilipoanzishwa, ilianzishwa kuwa mahali pa kulala. Kariakor nayo, ambayo jina lake latokana na kikosi cha wapagazi wa vita, ilikuwa vivyo hivyo. Seremala wa Kiafrika alifanya kazi yake kizingitini pa chumba chake, na fundi cherehani aliketi chini ya paa la mtu mwingine. Wazee wanaosoma watakuwa wameyasikia haya kwa baba zao.

Palitokea mpango mwingine katika mwaka 1926, ulioongozwa na Bwana Jameson kutoka Afrika ya Kusini, nao ulishughulikia zaidi sura ya mji wa walowezi. Sitakawia hapo. Mpango uliotuachia alama kubwa ni ule wa mwaka 1948, uliotungwa na Bwana Thornton White, Bwana Silberman na Bwana Anderson. Hawa waligawa mji kwa shughuli: hapa Serikali, hapa biashara, hapa makazi, hapa viwanda. Eneo la viwanda liliimarishwa kusini-mashariki ya stesheni, kando ya njia ya reli, na nyumba za wafanya kazi wa Kiafrika zikawekwa upande wa mashariki ili wafike kazini kwa miguu. Ndiyo maana hata leo mtu atokaye Kaloleni au Makongeni aweza kwenda Industrial Area bila kupanda gari. Mtu akitaka kusema haki atakiri kwamba watunga mpango ule walifahamu jambo moja ambalo wengi waliokuja baadaye walilisahau: mahali pa kazi na mahali pa kulala yapasa vifikiriwe pamoja.

Lakini mpango ule ulikuwa na pengo, nalo ni lile lile la mwaka 1899. Ardhi ya kazi iliyochorwa ilikuwa ya kampuni, yenye njia ya reli hadi mlangoni pa bohari. Haikuchorwa ardhi ya fundi mwenye nyundo moja na wanafunzi wawili. Wala haikusemwa ni nani atakayekwenda kila mwaka kutazama kama viwanja vilivyotiwa rangi vimejengwa, au vimelala, au vimegeuzwa kuwa kitu kingine. Mimi ni karani, na pengine ni kwa sababu ya ukarani wangu, lakini naona mpango usio na daftari la kuufuatia ni kama orodha ya wadeni isiyofunguliwa tangu siku iliyoandikwa.

Mwaka 1950 Nairobi ilipewa hati ya kifalme ikawa Jiji. Mwaka 1954 ikaja Operesheni Anvil, na maelfu ya watu wetu waliokamatwa waliacha vibanda na zana zao nyuma. Mwaka 1963 ukaja Uhuru, na mipaka ya Jiji ikapanuliwa sana. Watu wakaja. Katika hesabu ya mwaka 1948 mji ulikuwa na watu karibu 119,000. Mwaka 1969 walikuwa 509,286. Mwaka 1979 wakawa 827,775, mwaka 1989 wakapita 1,320,000, na katika hesabu ya 2019 walikuwa 4,397,073. Tarakimu hizi twazijua kwa sababu Serikali huhesabu watu kila baada ya miaka kumi, nyumba kwa nyumba, usiku kucha. Hakuna usiku uliowahi kuwekwa wa kuhesabu viwanja vya kazi.

Kilichofuata baada ya Uhuru ni jambo ambalo mipango haikulitazamia. Wale waliokosa mahali katika ramani walijitengenezea mahali juu ya ardhi. Kando ya Mto Nairobi, katika Gikomba na Kamukunji, watu walianza kufua masanduku, majiko, karai na mabati ya kukusanyia maji, wakaranda mbao na kushona nguo, bila paa na bila hati. Kwa kuwa walifanya kazi juani, wakaitwa jua kali, na jina hilo sasa limeingia hata katika vitabu vya Serikali. Wakati huo huo, mwaka 1967, Serikali ilianzisha shirika la Kenya Industrial Estates ili kuwajengea wenye viwanda vidogo majengo na kuwapa mikopo. Ilikuwa nia njema. Lakini aliyefika mlango wa shirika lile aghalabu alikuwa mtu mwenye barua na dhamana, si yule wa Gikomba.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti yake mashuhuri juu ya ajira katika Kenya, kazi iliyoongozwa na Bwana Hans Singer na Bwana Richard Jolly. Wataalamu wale walisema wazi kwamba shughuli hizi ndogo zilikuwa zikileta kazi na bidhaa kwa bei nafuu, na kwamba kuzibomoa na kuzisumbua kwa leseni ni kuharibu mali ya nchi. Nimekwisha kusikia watu wakisema ripoti ile iliwagundua mafundi wa jua kali. Mafundi hawakuwa wamepotea; kila askari wa Baraza la Jiji alijua walipo. Ripoti iliwapa jina katika karatasi, na katika mambo ya ardhi hilo si jambo dogo, kwa maana kisicho na jina katika karatasi hakiwezi kudai mipaka.

Mwaka uliofuata, 1973, ukatolewa mkakati mpya wa ukuaji wa Nairobi, wa kufika mwaka 2000. Huo ulitaka kazi zisirundikane mahali pamoja katikati ya mji, bali vituo vingine vya kazi viwekwe karibu na makazi mapya. Baadaye kidogo Dandora ikapimwa viwanja 6,000 vya makazi kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na familia zikajijengea. Nyumba zilisimama. Mahali pa kazi palipotarajiwa kwenda sambamba nazo hapakutokea kwa kadiri ile ile, na ndiyo sababu mtu wa Dandora huamka saa kumi za usiku.

Sasa tazameni miaka. Kutoka mpango wa 1948 hadi ule wa 1973 ni miaka 25. Kutoka 1973 hadi mpango mkuu mwingine, ule uliozinduliwa mwaka 2014 kwa msaada wa Wajapani, ni miaka 41. Katikati palikuwa na mikakati midogo midogo, na kuanzia mwaka 1983 hadi 1992 Baraza la kuchaguliwa lilikuwa limevunjwa na Jiji likatawaliwa na Tume. Katika muda mrefu kama huo, kiwanja kilichotiwa rangi ya kazi chaweza kubadilika mara tatu na mchora ramani asijue. Tume ya Ndung'u iliyoteuliwa mwaka 2003, ikatoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma, ikiwamo ya masoko, ya barabara na ya mashirika ya Serikali, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Wengi walisoma ripoti ile kama habari ya wezi, na kweli wezi walikuwamo. Mimi niliisoma pia kama habari ya madaftari. Kitu kinachohesabiwa kila Desemba huibiwa kwa shida sana. Kile ambacho hakijahesabiwa kwa miaka 20 mwizi wake hahitaji hata kungoja giza.

Yako mahali ambapo jambo hili laonekana wazi kupita kote, nami naomba wasomaji wanivumilie nikae hapo kidogo. Ni Mukuru, kusini-mashariki ya eneo la viwanda: Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben, na Viwandani. Jina hilo la mwisho lenyewe latueleza habari. Ardhi ile ilikusudiwa kwa viwanda vidogo. Katika miaka ya 1970 na 1980 sehemu kubwa yake iligawiwa watu na kampuni kwa mkataba wa kukodi ardhi ya Serikali, na sharti likawekwa katika mikataba kwamba aliyepewa ajenge kiwanda katika muda mfupi uliotajwa. Viwanda havikujengwa. Katika karatasi, hapo palikuwa na ardhi ya kazi tele. Mtu wa ofisini akifunua ramani angesema Nairobi haina upungufu. Juu ya ardhi yenyewe, vibarua wa viwanda vya jirani, ambao mshahara wao haukutosha kodi ya nyumba ya mawe na nauli, walijenga na kupanga vyumba vya mabati, wakaishi karibu na lango la kazi. Hati nyingine zilipelekwa benki zikawa dhamana ya mikopo, kiwanda kikiwa hakina hata msingi.

Mwaka 2017, Kaunti ya Nairobi ilipotangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalum, na mashirika zaidi ya 40 yakashirikiana na wenyeji kuhesabu, zilipatikana kaya zaidi ya 100,000. Yaani watu wa mji mzima wakiishi juu ya ardhi ambayo ramani ilisema ni ya karakana. Halafu mwezi wa Novemba 2021, katika Mukuru kwa Njenga, nyumba za maelfu ya watu zikabomolewa ili barabara ipite.

Nauliza sasa kama karani. Lau katika mwaka wa tatu baada ya kugawiwa, mtu mmoja mwenye daftari angalitembea kiwanja kwa kiwanja akaandika, "Namba hii haina jengo, namba hii haina jengo," nini kingalitokea? Sharti la mkataba lingalionekana limevunjwa mapema. Serikali ingaliweza kuidai ardhi yake irudi, ikaigawa upya kwa mafundi waliokuwa wakifukuzwa Gikomba na kando ya mto, au ikaamua kwa uwazi kwamba hapa viwanda havitakuja, basi papimwe makazi yenye njia, maji na mifereji. Yote mawili yangalikuwa afadhali kuliko kungoja mpaka watoto waliozaliwa pale wakawa na wajukuu. Wala kazi ya yule mtu mwenye daftari isingaligharimu sana.

Mtu ataniuliza, "Je, iko nchi ihesabuyo hivyo?" Iko. Sipendi desturi ya kutukuza kila kitu cha ng'ambo, lakini hili la hesabu ni kazi ya makarani, na makarani ni ndugu popote walipo. Katika Uingereza, sheria ya mipango ya mwaka 2004 ililazimisha kila halmashauri ya mahali kutoa ripoti ya ufuatiliaji kila mwaka. Juu ya ardhi ya kazi waliandika mambo matatu makuu: ni mita ngapi za mraba za viwanda, mabohari na ofisi zilizojengwa mwaka huo, ni hekta ngapi zilizobaki ambazo zaweza kujengwa, na ni ngapi zilizopotea kwa kugeuzwa kuwa nyumba au kitu kingine. Mwaka 2011 sheria ilibadilishwa, ripoti isipelekwe tena kwa Waziri, bali iwekwe wazi mbele ya wananchi.

Katika hesabu hiyo iko hekima moja ambayo sisi tungeitumia upesi. Ardhi iliyotengwa hawaitii katika kapu moja na ardhi iliyo tayari. Kiwanja chaweza kuwa na rangi ya kazi katika ramani, kumbe hakina barabara, au hakina maji, au chafurika masika, au mwenyewe hataki kuuza wala kujenga kwa kuwa angoja bei ipande. Huyo huandikwa mbali. Na kiwanja kilichokaa miaka mingi bila tumaini lolote la kupata kiwanda, sera yao tangu 2012 ilisema kisizuiwe milele, kiachiliwe kwa matumizi mengine. Kwa hiyo daftari si la kuzuia tu. Laweza pia kufungua.

Lakini nisiwadanganye wazee kwamba daftari ni ngao. Mwaka 2013 Serikali ya Uingereza iliruhusu ofisi zigeuzwe nyumba bila kupitia maombi kamili ya ruhusa, na majengo mengi ya ofisi yakageuka, mengine yakiwa bado na watu ndani wakifanya kazi. Hata hivyo halmashauri kadhaa, hasa za katikati ya London, ziliweza kuonyesha kwa tarakimu hasara itakayokuja, na sehemu zao zikapewa msamaha. Waliokuwa na hesabu walikuwa na kitu cha kusema. Wengine walibaki na malalamiko.

Tukirudi kwetu, mambo ya leo yanakwenda mbio. Ukipita Barabara ya Mombasa utaona majumba ya maduka na nyumba za kupanga zimesimama bega kwa bega na mabohari. Ndani ya Industrial Area yako majengo yaliyokuwa ya viwanda ambayo sasa ni makanisa, au ghala za bidhaa zilizotengenezwa nchi za mbali. Sisemi ni vibaya. Kanisa nalo ni la watu, na nyumba zahitajika. Nasema kila badiliko la namna hiyo lilipitia ofisini kwa karatasi, au lilifanyika bila karatasi, na katika hali zote mbili jumla yake haikuletwa mbele ya wananchi. Viwanda vingine vimehamia Athi River, Ruiru na Thika. Wanachama wetu kadhaa huamkia huko kwa matatu, na nauli hula sehemu ya ujira kabla haujafika nyumbani. Jambo la kushangaza kwa mpenda historia ni kwamba Athi River iko katika Kaunti ya Machakos. Ainsworth aliihamisha ofisi kutoka Machakos akaileta Nairobi kuifuata karakana, na baada ya miaka mia na zaidi karakana inafungasha mizigo kurudi upande ule.

Na jua kali? Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji, akaona mafundi juani, akaagiza wajengewe vibanda vya kivuli, navyo vikajengwa. Mwaka 1992 Serikali ikatoa waraka wa sera juu ya biashara ndogo na jua kali, na mwaka 2012 Bunge likapitisha sheria ya biashara ndogo na ndogo zaidi, ikaundwa mamlaka yake. Tarakimu za Serikali zenyewe husema kwamba zaidi ya watu 80 katika kila 100 waliomo kazini, mbali na wakulima wadogo, wamo katika kazi hizi zisizo rasmi. Hata hivyo kivuli cha bati si hati ya ardhi. Gikomba imeungua mara nyingi. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15, na baada ya kila moto swali la kwanza linaloulizwa na wafanya biashara si nani atalipa hasara, bali ni nani atakayezungushia ua kabla hatujarudi. Mtu aulizaye hivyo anajua kwamba mahali pake hapamo katika daftari lolote.

Naona hapa makosa mawili yaliyo ndugu pacha. La kwanza ni la Mukuru: ardhi ya kazi katika karatasi, bila kazi juu yake. La pili ni la Gikomba: kazi juu ya ardhi, bila karatasi. Ramani haiwezi kuyaonyesha, kwa maana ramani huchorwa mara moja. Huonekana tu kwa mtu arudiaye mahali pale pale mwaka hata mwaka na kuandika alichokiona.

Sheria sasa yatupa nafasi ambazo baba zetu hawakuwa nazo. Katiba ya 2010 yataka wananchi washirikishwe, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 yaweka mipango mikononi mwa kaunti, na yataka watu watangaziwe ili watoe maoni yao. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yampa kila raia haki ya kuomba habari kwa ofisi ya umma, na ofisi yapaswa kujibu katika siku 21. Barua ya ukurasa mmoja yatosha: katika wadi hii, ni viwanja vingapi vilivyotengwa kwa viwanda na karakana, vingapi vimejengwa, vingapi vimebadilishwa matumizi tangu 2014, vingapi vya umma vimekodishwa, na sharti la kujenga limetimizwa au sivyo. Karani wa upande ule akijibu, tutakuwa na mwanzo wa hesabu. Asipojibu, kutojibu kwake nako kutaandikwa tarehe.

Liko pia jambo dogo ambalo kila mwanachama aweza kulifanya akiwa njiani. Mwenye kiwanja atakapo kubadilisha matumizi yake, yampasa kutangaza, na mara nyingi utaona kibao kimepigwa misumari kwenye ua, kikitaja namba ya kiwanja, matumizi ya sasa na yale anayoyaomba, na siku 14 za kuleta pingamizi kwa maandishi. Watu hupita bila kusoma, kwa kuwa kimeandikwa Kiingereza kigumu na herufi ndogo. Tangu Januari Mwandishi wa Chama ameweka daftari la vibao hivi katika ofisi yetu, lenye safu sita: tarehe, barabara, namba ya kiwanja, kilivyokuwa, kinavyotakiwa kuwa, na idadi ya watu wanaofanya kazi pale kwa sasa. Safu ya sita haimo katika kibao. Yambidi aliyekiona aingie ndani aulize.